Rafu ya Vichekesho

Dukani kwangu Bondeni, mlango wa pili kutoka kwa fundi saa,
rafu ni nne, maandishi ni ya mkono wangu:
Mapigano. Mapenzi. Majini. Vichekesho.
Kila filamu ina kwao.
Hii moja tu, tangu Jumamosi,
yalala juu ya kaunta, chini ya kopo la kalamu,
kama mgeni ambaye hakuna aliyemuuliza amekuja kwa nani.

Ni ya mji wa baridi, wa watu wasiosalimiana.
Karani wa makamo, shati jeupe,
wino wa buluu umemvujia mfukoni.
Aambiwa alete nakala. Nakala yatoka nyeusi.
Arudi. Dirisha limefungwa, watu wanakula.
Watu wameshakula; mashine haina wino.
Hapo tukacheka, duka zima.
Nani hapa kisiwani asiyelijua dirisha lile?

Kisha akavua kiatu kimoja,
akakiweka kando, akaikunja soksi ndani yake,
akaikamata mashine kama ukamatavyo mbuzi wa Idi,
akaanza.

"Mbavu zangu!" Zuhura wa vipodozi kashika mlango,
"mbavu zangu, jamani, mtaniua!"
Na ndani ya kioo mlinzi naye yuko sakafuni,
ameshika mbavu zake.
Neno ni lile lile. Sauti ndizo zilizopishana.

Tukabishana hadi adhana ya isha.
Mwakio asema kichekesho sharti kiishie kwenye pilau.
Kadzo, mpiga chapa wa mahakama, hakuinua macho:
kichekesho, asema, ni balaa lililokosea nyumba.
Twaha, hata ishirini hajafika: "Mmecheka? Basi ni kichekesho."
Nikamuuliza, na anayecheka mazikoni?
"Huyo," asema, "ni mrithi."

Ijumaa akaichukua Mbaruk, karani wa uwakala wa forodha.
Ofisi yao ilikuwa na viti kumi na viwili,
sasa vitatu, na kimoja wamewekea feni.
Mtu wa kufuta diski kwa leso kabla hajairudisha.
Jumamosi, sijafungua bado, yuko kizingitini.

"Yachekesha," akasema. Uso haukusogea.
"Nimeitazama mara tatu.
Mke wangu hakuitazama. Alinitazama mimi."
Wapi hasa, nikamuuliza.
"Pale kwenye soksi. Mtu yuwapasuka,
na bado achelea soksi isimpotee."
Mara nne nilikuwa nimeiona ile filamu,
na soksi hiyo ni yeye aliyenionyesha.

Akalipa. Halafu, miaka yote hajawahi,
akaomba risiti.
Kitabu kimekwisha. Nami, ulimi ukanitangulia:
"Rudi kesho."

Feni ikazunguka. Kule kwa fundi saa mtu akapiga chafya.
Mbaruk akainama.
Akainama muda mrefu, mkono kwenye kiatu,
nami nikahesabu kimoyomoyo vyote vivunjikavyo dukani:
runinga, kabati la kioo, mimi.

Alikuwa akifunga kamba.

Kicheko kikanitoka, chembamba, cha puani,
cha mtu aliyeponea kitu ambacho hakikuwapo.
Naye akacheka. Sidhani tulicheka jambo moja.
Nikararua Machi kwenye kalenda,
nikamwandikia risiti mgongoni mwake, shilingi hamsini,
tarakimu zimepinda.
Akaikunja mara nne.
"Hii," akasema, "nitaiweka."

Rafu ya vichekesho imebakiwa na nafasi ya kidole kimoja.
Naisukuma humo.
Yatokeza.